Boriti za Kwetu na Mbao za Pap Onditi

Kutoka Kisumu tulipita Ahero na Katito, kisha tukaishika njia ya Kendu Bay hadi Pap Onditi, aliko binti yetu. Nchi ile ni tambarare, na udongo wake mweusi huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, yeye na mumewe waliazimia kujenga chumba chenye sakafu ya mbao juu ya nguzo, ili maji yakirudi watoto wasilale matopeni.

Chumba kilikuwa na upana wa futi 9. Mbao zilikwisha nunuliwa, nne kwa mbili, na fundi alikusudia kuzilaza bapa. Mzazi mwenzetu akatugeukia: "Ninyi wazee wa pwani mmezaliwa chini ya boriti. Mwaonaje?"

Tulisita, kwani mgeni hasahihishi nyumba ya watu. Lakini watakaolala pale ni wajukuu wetu sote.

Tukamweleza kwamba kwetu miti ya mikoko hupangwa kwa unene, na kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hakuna atandikaye pau mahali pa boriti. Hata vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba, mita 3 au pungufu, kwa kuwa boriti ndiyo iliyoupima upana wake. Mbao ya msumeno haina jina la kumwonya mtu. Sharti aipime mwenyewe.

Nne kwa mbili ikisimamishwa kwa ukingo hupinda robo tu ya inavyopinda ikilazwa bapa. Sita kwa mbili iliyosimamishwa ni ngumu zaidi ya mara 3 kuliko nne kwa mbili iliyosimamishwa vivyo hivyo. Kinachobeba ni kimo cha mbao kuliko upana wake. Kwa futi 9, nne kwa mbili haitoshi. Sita kwa mbili, zikiachana inchi 16, zinafaa.

Tulirudi na fundi kwa mwuza mbao, tukazichagua moja moja: zilizokauka, zilizonyoka, zisizo na ufa. Yenye kifundo kikubwa ukingoni, karibu na katikati, tuliiacha, kwani upande wa chini huvutwa na mzigo, na hapo ndipo mbao ivunjikapo. Zilizochaguliwa zikapakwa dawa ya mchwa.

Mwuzaji alikubali kubadilisha kwa nyongeza. Tukaitoa katika fedha tulizomwekea binti yetu za doti za kanga. Alipojua, alicheka, akasema kanga huchakaa.

Siku ya kuondoka tulisali Adhuhuri juu ya sakafu ile, watu wazima 6 katika safu mbili. Tuliposujudu, haikulia.