Muhula Niliokuwa Yaya

Mwaka jana muhula wa pili jina langu lilijaa katika daftari la wachelewaji. Mwalimu wa zamu aliniuliza kila asubuhi, "Wewe kwenu ni wapi, Mombasa?" Nikanyamaza. Ningemwambiaje kwamba nilikuwa nikimwogesha mtoto? (Haya naandika kwa ruhusa ya mama.)

Mama alijifungua salama mwezi wa Mei. Wiki ya tatu hivi akabadilika. Alilala akitazama dari huku mtoto akilia kando yake hadi sauti ikauka. Alimnyonyesha, ndiyo, lakini hakumwangalia. Baba hufanya kazi mbali, huja mwisho wa mwezi. Jirani mmoja akasema mama amerogwa, mwingine akasema ni uvivu. Mimi, Mungu anisamehe, nilikubaliana na huyu wa pili. Siku moja nilimfokea, "Mama, kwani huyu mtoto ni wa nani?" Hakujibu. Machozi yalimtiririka tu hadi masikioni.

Basi nikawa yaya. Mvulana mzima na mtoto mgongoni! Vijana wa mtaa walicheka wakachoka. Mtoto alipoanza kutabasamu, alinitabasamia mimi. Akipelekwa kwa mama, anageuza uso. Lo, nilijivuna kweli kweli.

Mwezi wa Agosti, siku ya chanjo ya wiki ya 14, muuguzi alimtazama mama, akaacha kuandika. Akaanza kumuuliza maswali kuhusu siku 7 zilizopita: je, anaweza kucheka? Anajilaumu bure? Usingizi je? Maswali ni 10, nayo yalitungwa Uskoti mwaka 1987. Kabla ya lile la mwisho aliniambia nitoke nje. Mama alijibu nini sijui hadi leo. Nilisikia tu akilia kwa sauti.

Baadaye muuguzi akaniambia huo ni ugonjwa, sonona ya baada ya kujifungua, na unatibika. Kisha akanichoma: "Mpe mamako mtoto. Wewe fua nguo."

Nikafua. Mama akawa anaenda kliniki kuzungumza na mshauri. Nyumbani alimpakata mtoto dakika tano, kesho yake kumi, siku nyingine hakuweza kabisa.

Jumamosi moja ya Oktoba, nikiwa kwenye beseni, nikasikia kicheko ndani. Nikachungulia mlangoni na povu mikononi. Mtoto alikuwa ameukodolea macho uso wa mama. Nilimwita. Hata hakugeuka.

Niliona wivu kidogo, sitaficha.