Nafasi ya Hema

Katikati ya ploti yetu huko Kiambu hapakuwahi kupandwa kitu. Pembeni kuna ua wa kayaba, nyuma ya jikoni sukuma na terere, langoni bogenvilia. Katikati ni nyasi tu. Baba alipopanga boma alisema hapo ndipo hema litasimama siku ya mahafali yangu. Nilikuwa darasa la sita.

Chuo niliacha mwaka wa tatu. Si ati karo ilikosekana. Ya muhula huo Baba alikuwa ashalipa. Niliacha tu kuingia darasani, na mitihani ikanipita. Januari nikarudi nyumbani na laptop na begi moja. Usiku nikawa naandikia watu makala mtandaoni, mchana Mama ananipa slasha. "Kwa vile uko," alisema. Majirani aliwaambia niko likizo. Baba, ambaye huendesha lori la Mombasa na kuja mwisho wa mwezi, aliambiwa hivyo hivyo.

Nilianza kwa kukata nyasi chini kabisa, kama uwanja wa mpira. Hapo jua la Januari liliingia moja kwa moja hadi kwenye udongo, na wiki mbili baadaye ploti ilikuwa kahawia. Na hizi ni nyasi za kikuyu, wenyeji wa nyanda hizi! Zilipelekwa hadi Australia na huko zikawa kero mashambani. Mimi nilizishinda kwao nyumbani.

Guka, mzee jirani anayetunza bustani za watu, alicheka kwanza ndipo akanisaidia. Wakati wa kiangazi, alisema, ziache ndefu zijifunike. Mwagilia jioni kwa maji ya kusuuzia nguo. Palipokufa toboa kwa jembe uma, utie samadi iliyooza, ungoje masika.

Machi Mama akaja na mche wa avokado kutoka kwa wale wa kando ya barabara. Nikamwonyesha kona ya chini. Guka akakataa: tangu jirani aweke kabro ploti nzima, maji yake yote ya mvua huishia kona hiyo, na mizizi ya avokado haivumilii maji yaliyotuama. Kwenye ua, kayaba ingeunyang'anya mche maji. Palipoinuka kidogo, penye jua kutwa, ni katikati.

Mama alisimama hapo na mche mkononi.

"Huu ukikua, hema haliingii."

"Haliingii, Mama."

"Baba yako utamwambia wewe."

Nilichimba futi mbili kwenda chini, futi mbili upana, udongo wa juu kando, wa chini kando. Wa juu nikauchanganya na samadi. Siku ya tatu mvua ikaanza.

Baba alifika Jumamosi, akaukuta mche umezungushiwa vijiti. Nilikuwa nimeshika debe. Nikamwambia yote, ya mti na ya chuo, bila kupumua. Alinyamaza hadi nikaanza kusikia kuku wa jirani. Kisha akachuchumaa, akashika shina.

"Ni wa kupandikizwa?"

"Ndiyo, Baba. Miaka mitatu, minne hivi, utazaa."

"Hapa ulipounganishwa, umepaacha juu ya udongo?"

Nilikuwa nimepaacha. Alipapapasa kwa kidole gumba, akaondoa tope kidogo, akaniomba lile debe.