Karura: Haiki ya Watu Wasiotaka Kuteseka

Wasee, kuna dharau fulani ambayo nimechoka nayo. Ukisema wikendi ulienda kutembea Karura, lazima mtu akuulize, "Hiyo nayo ni haiki?" Kwake yeye haiki ni Longonot, mita 2,776, upande ukihema, uzunguke kreta ukila vumbi, halafu ushuke magoti yakilia. Sina shida na Longonot. Nimeipanda, na ukinilipia nauli kesho naipanda tena. Shida yangu ni hii imani kwamba njia isiyokutesa haina maana. Hiyo njia ya Karura unayoidharau, pana, nyekundu, ambayo hata nyanya yako anaweza kuitembea akiwa na kiondo, imepiganiwa kuliko njia nyingi unazozijua. Pale getini watu walimwaga damu.

Wacha nieleze, kwa sababu wengi wetu tulizaliwa baada ya hayo mambo, na shuleni tulikariri tu kwamba Wangari Maathai alipanda miti.

Karura ni msitu wa hekta 1,000 hivi, umekaa katikati ya Muthaiga, Runda na Gigiri. Fikiria bei ya ploti hapo. Msitu huo ulitangazwa rasmi kuwa wa serikali mwaka 1932, kumaanisha ni wa umma, wangu na wako. Lakini miaka ya tisini, sehemu zake ziligawiwa watu binafsi kimyakimya ili wajenge nyumba za kifahari. Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walipogundua mwaka 1998, walianza kuingia msituni na miche. Yaani silaha yao ilikuwa miche. Tarehe 8 Januari 1999 alienda tena, akiwa na wabunge kadhaa wa upinzani na waandishi wa habari, apande mti mmoja tu pale getini. Wanaume waliowekwa kulinda mradi wakawavamia. Maathai alipigwa kichwani. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, alitia sahihi kwa damu iliyokuwa ikimtoka kichwani.

Baada ya hapo wanafunzi wa vyuo vikuu walijaa barabarani. Watu wa rika letu, si wazee. Ikafika Agosti mwaka huo, Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Tuzo ya Nobel ilikuja baadaye, 2004.

Kama wangeshindwa, leo hapo kungekuwa na mageti meusi, kuta zenye nyaya za umeme, na kibao cha MBWA KALI kila mita hamsini. Wewe na mimi tungeingia kwa kupeleka pizza tu.

Sasa nikuambie kwa nini urahisi wa hizo njia ni muhimu kwangu. Mwezi uliopita nilimpeleka mathe. Mathe ana miaka 57, goti la kushoto linamsumbua, na ameishi Nairobi zaidi ya miaka 30. Katika hiyo miaka yote, hajawahi kutembea mji huu bila shughuli. Ametembea kwenda kazini matatu zikigoma. Ametembea kwenda soko, kwenda kanisa, kwenda kwa chama. Lakini kutembea tu, hivi hivi, bila kubeba kitu? Aliponiona nikifunga kamba za raba akaniuliza, "Sasa tunaenda kufanya nini huko?" Nikamwambia tunaenda kutembea. Akauliza, "Tukishafika tutafanya nini?" Nikacheka, lakini hilo swali limenikaa. Kuna watu katika mji huu ambao miguu yao imekuwa ya kazi maisha yote.

Isitoshe, kwa watu wa rika lake jina Karura lilikuwa la kutisha. Kabla ya ua kujengwa, huo msitu ulisifika kwa majambazi na maiti zilizotupwa. Ua wa umeme ulianza kujengwa mwaka 2009, na kikundi cha jamii, Friends of Karura Forest, kikaanza kuusimamia pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya. Askari wa msitu wakawekwa, njia zikafunguliwa. Lakini mathe hakuwa na habari. Mita 200 za kwanza alikuwa ameshika mkoba kama tuko stendi ya Machakos.

Halafu tukapitwa na wamama wawili wakikimbia, mmoja akasukuma mtoto kwenye kigari. Mathe akalegeza mkono.

Tuliingilia geti la Limuru Road. Kutoka hapo, njia inayopendwa zaidi ni ya kwenda kwenye mapango na maporomoko ya maji. Karibu yote ni barabara ya udongo, pana kiasi cha watu wanne kutembea sambamba wakipiga stori, na miinuko yake ni midogo. Kila njia panda ina kibao chenye namba, na ukiwa na ramani huwezi kupotea kirahisi. Tulitumia zaidi ya saa tatu kwenda na kurudi, lakini hiyo ni pamoja na kusimama kila mathe alipouona mti anaoujua. Mugumo aliuona kabla yangu. Akanieleza dawa ya tumbo inayotoka kwenye gome fulani, na nikagundua kwamba mamangu, niliyemjua kama mtu wa Umoja, kumbe ni mtu wa msitu aliyehamia mjini.

Si miti yote ni ya asili. Utapita sehemu ambapo mikaratusi imepangwa mistari kama wanafunzi wa gwaride, chini hakuna kichaka cha maana. Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 ili iwe kuni za treni za reli ya Uganda. Kisha unapiga kona moja na msitu unabadilika, giza kidogo, baridi, ndege wanapiga kelele juu. Hapo angalia juu vizuri. Mbega, wale nyani weusi wenye mkia mweupe kama shuka, walikuwa wametoweka Karura, wakarudishwa kwa kuletwa kutoka upande wa Kipipiri, Nyandarua. Kima wao hawana aibu, watakuibia ndizi ukiangalia. Ukitembea bila kelele unaweza kuona pongo akivuka njia. Simba hakuna, tulia.

Sehemu pekee yenye ngazi ni kuteremka kwenye mapango na maporomoko. Mathe aliteremka polepole, ngazi moja moja, akishika bega langu. Mapango hayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kujificha. Nilisoma Mau Mau darasani, nikaandika insha, nikapata alama. Sikuwahi kusimama ndani ya shimo lao. Ni padogo, panyevu, na ukizima tochi ya simu unaelewa kitu ambacho kitabu hakikukuambia. Mathe alisimama mdomoni mwa pango akakataa kuingia. "Hapa si pa kupigia selfi," alisema. Nikarudisha simu mfukoni.

Kitu kingine ambacho hamtaamini: ndani ya huo msitu kuna tanuri ambalo Benki Kuu ilikuwa ikitumia kuchoma noti zilizochakaa. Pesa, jameni. Zinapelekwa msituni kuchomwa. Leo watu wanafanya pikniki karibu na hapo.

Nisiseme kila kitu ni kizuri. Ukienda Jumapili utaona magari makubwa na mbwa waliooshwa kuliko mimi, na kuna hisia fulani kwamba umekuja kwa sherehe ya wenyewe. Nimeisikia kwa mabeshte wengi: "Karura ni ya wazungu na watu wa Runda." Naielewa hiyo hisia, kwa sababu nauli ya watu wanne kutoka Eastlands pamoja na kiingilio ni hela ya kufikiria. Miaka mingi raia alilipa shilingi 100, lakini ada zimekuwa zikibishaniwa, kwa hivyo angalia kabla hujatoka nyumbani. Ila kubaki nyumbani kwa sababu ya hiyo hisia, hapo sikubali. Ukienda mwenyewe Jumanne asubuhi utakuta njia nzima ni yako na ndege.

Na hii vita haijaisha. Mwaka 2024 kulikuwa na kelele kuhusu kumega msitu ili kupanua Kiambu Road. Mwaka 2025 ubishi wa nani apokee hela za getini, serikali au pamoja na jamii, ulifika mahakamani. Mimi nauliza swali rahisi: kelele zikianza tena, nani atapiga kelele kurudisha? Wenye mbwa peke yao hawatoshi. Mtu hawezi kutetea mahali ambapo hajawahi kukanyaga, hata awe na wafuasi elfu ngapi.

Kama unaenda, matatu za Ruaka zinapita geti la Limuru Road, na za Kiambu zinapita upande ule mwingine. Nenda asubuhi. Mvua ikinyesha jana yake, huo udongo mwekundu utakaa kwenye raba zako mpaka Krismasi. Beba maji kwa chupa ya kutumia tena, kwa sababu plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku misituni tangu Juni 2020. Chakula funga vizuri, kima nimekuonya.

Mathe ameshaongea na wamama wawili wa chama. Wanataka upande wa Kiambu Road safari hii, kuna ziwa dogo lenye mayungiyungi. Nimeambiwa mimi ndiye wa kubeba chai.