Alama ya Kutoa Niliyoifuta

Kosa ni langu, na nililifanya kwa kiburi. Programu ya ankara niliirithi kwa mwenzangu aliyehama kazi. Ndani yake nikakuta urefu wa fonti umetanguliwa na alama ya kutoa. Nikacheka. Herufi gani hiyo yenye urefu hasi? Nikaifuta bila kumuuliza mtu, na papo hapo nikaondoa sehemu inayouliza kifaa kina pikseli ngapi kwa inchi, nikaweka 96. Si ndivyo skrini yangu ilivyokuwa?

Kumbe katika Windows ile alama ina kazi yake. CreateFont, amri inayounda fonti, ikipewa namba hasi, inaelewa kimo cha herufi yenyewe, kile kinachopimwa kwa pointi. Ikipewa chanya, inahesabu pia nafasi ya juu inayoachiwa alama za lafudhi, kisha inaibana herufi itoshe humo. Ndiyo maana pointi 12 za programu yangu zilikuwa ndogo kuliko pointi 12 za Word. Nililiona hilo nikalipuuza, nani atapima?

Printa ndiyo iliyoniumbua. Pointi ni sehemu moja ya 72 ya inchi. Kwenye skrini ya pikseli 96 kwa inchi, pointi 12 ni pikseli 16. Printa ya mteja ilikuwa ya nukta 600 kwa inchi, ambako pointi hizo hizo zinadai nukta 100. Mimi naipelekea 16! Hazifiki hata pointi mbili. Jumla ya ankara ikatoka kama msafara wa sisimizi. Na hapa ndipo penye aibu yenyewe: nilimwambia mteja wino umekwisha, akaenda kununua mwingine kwa pesa yake.

Dawa ilikuwa mstari ule ule wa mwenzangu: -MulDiv(pointi, GetDeviceCaps(hdc, LOGPIXELSY), 72), hdc, yaani kitambulisho cha kifaa kinachochorewa, ikiwa ya printa unapochapa, ya skrini unapoonyesha. Hata MulDiv haikuwekwa kwa mbwembwe. Inazidisha kwanza, ndipo inagawanya na kuchukua namba nzima iliyo karibu. Ukitangulia kugawanya 96 kwa 72 bila desimali unapata 1, na pointi 12 zinageuka pikseli 12.

Pesa ya wino nimemrudishia mteja, na sababu nimemweleza. Mwenzangu bado sijampigia simu.