WALIMCHEKA KWA NENO MOJA, KUMBE NA MTOTO WAKE ALIKUWA HAJUI KUSOMA

Watu wa Dar mnamjua, ila leo jina kapuni. Ni yule dada wa viatu vya mtumba, anayejirekodi alfajiri akiwa Karume anachambua mzigo, halafu jioni anapandisha picha mtandaoni na wateja wanagombania. Mdomo anao. Akiingia laivu kunadi kiatu, hata ambaye hakuwa na mpango anajikuta ametuma hela. Tatizo lake lilikuwa moja tu, kuandika.

Wateja walishamzoea. Akimjibu mtu "hiki kitakufa dada", mteja anaelewa alimaanisha kitakufaa, anacheka, analipia. Kwenye wasifu wake alijiita "muzaji wa viatu". Biashara ilienda, maisha yakaenda.

Kisha mdogo wake wa bodaboda akagongwa na gari, akavunjika mguu. Dada yupo hospitali, mikono inamtetemeka, akapandisha picha ya kitanda na maneno haya: "mdogo wangu kapata hajari jamani tumuombee". Ndani ya nusu saa komenti zilikuwa kibao, ila za pole zilihesabika. Wengine wote waling'ang'ania neno moja. "Hajari ndo nini?" "Huyu shule aliruka ukuta." Mtu akapiga skrinshoti, ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka ikamrudia mwenyewe. Akafuta posti. Siku tisa hakupandisha hata kandambili.

Siku ya tisa mwanaye wa darasa la pili akarudi na daftari la imla. Maneno kumi, kapata mawili. Namba nne mwalimu alikuwa amesoma "ajali". Mtoto kaandika "hajari".

Hapo dada alikaa chini. Mtoto hana simu, zile komenti hakuziona. Neno kalitoa mdomoni mwa mama yake.

Akachukua kitabu cha shule, akamwambia asome. Dogo akatiririka ukurasa mzima, safi kabisa. Mama akaingiwa na wasiwasi, akaficha picha kwa kiganja na kumwonyesha neno moja katikati, "ndoo". Mtoto akasema "maji". Kumbe ukurasa alikuwa ameukariri kwa kuwasikiliza wenzake, na picha ndiyo ilikuwa inamsaidia. Miaka miwili darasani, hajui kusoma, na hakuna aliyemgundua.

Ukitaka kujua mjini hakuna siri, habari zikamfikia baba mtoto. Huyu naye mnamjua, ni msanii wa singeli, jina kapuni pia. Akatuma ujumbe wa sauti: "Likizo ya Juni namchukua, namplekea mama Morogoro. Hapo kwako atakuja kuwa kama wewe." Dada anasema hilo "kama wewe" lilimuuma kuliko komenti zote.

Nyumba ya tatu kutoka kwake anakaa bibi mmoja, mwalimu mstaafu aliyefundisha darasa la kwanza miaka mingi, sasa hivi anauza barafu getini. Dada akaenda usiku, kajifunika khanga.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mbona macho mekundu hivyo?"

Akaeleza yote. Bibi hakucheka. Aliuliza tu kama nyumbani kuna maboksi ya viatu. Kwa muuza viatu, maboksi hayakosekani. Wakayakata vipande vidogo vidogo, bibi akaandika maneno kwa kalamu ya wino mzito, wakayamwaga kwenye mkeka.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupanga mafungu. Mbuzi, mbwa na mbegu huku. Ndizi, ndoo na ndege kule. Halafu akaleta fungu la mtego: ngoma, nguo, ngazi, ng'ombe, ng'oa, ng'ara. Mtoto akayaweka yote pamoja. Bibi akamwambia ayatamke polepole. Alipofika ng'ombe akasimama, akairudisha kadi, akaisogeza pembeni mwenyewe. Hakuna aliyemwambia amekosea, sikio lake ndilo lililomwambia. Bibi akasema hapo ndipo kusoma kunapoanzia, mtoto asikie sauti kwanza, jina la herufi litakuja. Ndiyo maana tangu mtaala wa 2015, darasa la kwanza na la pili mkazo uko kwenye KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto anaanza na sauti ya herufi.

Kiswahili, bibi akaeleza, kinaandikwa kinavyotamkwa. Hiyo ni raha kwa mtoto kwa sababu akishika irabu tano na silabi zake, anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Ila ni mtego pia. Mdomo ukiteleza, kalamu inafuata. Nyumba inayosema "hajari" itaandika hajari, na wala si ujinga, ni lugha ya mdomoni walikotoka wazazi.

Dawa yake haikuwa fimbo. Kwa H, weka kiganja mbele ya mdomo. Sema "hama", pumzi inagonga mkono. Sema "ama", mkono haupati kitu. Kwa R, ulimi utetemeke kama bajaji inawaka. Kwa L, ulimi unagusa juu na kutulia. Wakafanya mahali na mahari, kula na kura, mama na mtoto wanakunguruma sebuleni mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Kisha likaja lenyewe. Bibi akatandaza kadi nne: hasomi, hapiki, hachezi, hajali. Akauliza zinafanana nini. Dogo akajibu, "Zote zinakataa." Sawa. Hiyo "ha" ya mbele ndiyo inayokataa. Sasa ajali inakataa nini? Mtoto akafikiri, akasema haikatai kitu. Basi haina haja ya hiyo ha. Bibi akamgeukia mama mtu na kumwambia kwa upole, "Wewe uliwaambia mdogo wako kapata hajali. Na kweli, wasiojali ndio aliowapata."

Dada alicheka huku analia.

Kuanzia siku hiyo mkeka haukukunjwa. Wakaingia kwenye koo za maneno. Cheza, mchezo, michezo, mchezaji. Lea, mlezi, malezi. Ukijua mzizi, huhangaiki na watoto wake. Walipofika "uza", dada ndiye aliyeshtuka. Mwenye kuuza anaanza na mu, na uza ina u yake tayari, kwa hiyo ni muuzaji, u mbili. Akachukua simu palepale, akarekebisha wasifu wake. Halafu akaandika kitakufa na kitakufaa kwenye kadi mbili, akaziangalia, akajihesabia ni wateja wangapi aliowatabiria kifo.

Haikuwa miujiza. Kuna usiku mtoto alilala juu ya kadi. Kuna siku alirudi na nne kwa kumi na mama akataka kumzaba, bibi akamzuia. Ila ilifika wiki dogo akawa anasoma kila kitu barabarani, mfuko wa simenti, kibao cha fundi cherehani, maandishi ya nyuma ya daladala, mengine mama akatamani asingeyasoma.

Juni ikafika, na baba mtoto akafika. Alimkuta mwanaye kwenye mkeka. Mtoto akampa kadi, "Baba na wewe panga." Jamaa akazishika, akazigeuzageuza, akaweka hajali na ajali fungu moja. Mtoto akachukua kiganja cha baba yake na kukiweka mbele ya mdomo wa mwenyewe. "Sema."

Mashabiki hawajui, lakini huyu msanii mistari yake yote ameirekodi kwa sauti kwenye simu. Hakuna hata mmoja ulioandikwa. Siku hiyo alikaa pale saa mbili, na begi la mtoto halikufungwa. Aliaga kwa kusema, "Tuone mpaka Desemba." Hajasema zaidi ya hapo, na dada hajauliza.

Juzi dada kapandisha picha ya mdogo wake akitembea bila magongo. Kaandika: "Ajali haikummaliza. Asanteni mliomwombea." Mtu akamuuliza kwa kejeli siku hizi nani anamwandikia. Akajibu, "Naandika mwenyewe, mwanangu anasahihisha."

Haya wadau, kabla hujamcheka mtu kwa herufi moja, soma kwanza alichokuwa anakwambia. Na kama una mtoto darasa la pili hapo nyumbani, ficha picha ya kitabu kwa kiganja, mwonyeshe neno moja katikati, usikie atakachosema. Halafu rudi hapa ufunguke.