Kamba kiunoni tunapovuka Luama

Wasikilizaji wetu wa Lusangi, pamoja nanyi jamaa mliohama vijiji vyenu, leo nazungumza juu ya kamba. Wengi wetu tukivuka Luama kwa mtumbwi tunajifunga mzigo kiunoni ili usipotee. Kwa aliyekimbia, mzigo huo ndio nyumba nzima, naelewa.

Mimi pia nilijifunga mfuko wa kinasa sauti. Mtumbwi ulipopinduka, mfuko ulijaa maji ukanivuta chini. Mvushaji akakata kamba kwa kisu. Kinasa kilipotea, mimi nikabaki.

Hata kule Paje, Zanzibar, wanakoteleza baharini juu ya ubao wakivutwa na tiara kubwa, kamba ya ubao ina hatari yake: ikivutika sana, ubao unaweza kurudi kwa kasi na kumpiga mtu kichwani.

Kamba si mbaya, ila tuifunge pengine. Mzigo mdogo tuufunge kwenye bido tupu ya litre 20 yenye kifuniko kizuri, uelee wenyewe. Mtumbwi wa mti hata ukipinduka huelea; tuushike kwa mikono iliyo huru. Sufuria tutatafuta nyingine.