Homa Isiyo na Sababu

Mwaka 2023, nyumbani kwetu Katandala mjini Sumbawanga, nilikuwa nikijitayarisha kwa mtihani wa kuyapa maradhi alama, herufi na tarakimu ambazo kwazo hospitali huhesabu na bima hulipa. Nilisoma nimejitanda blanketi, maana usiku wa Ufipa hauna huruma. Kitabu kilikuwa toleo la 10 la orodha ya Shirika la Afya Duniani, yenye asili katika orodha aliyoitoa Jacques Bertillon huko Chicago mwaka 1893. Kipindupindu ni A00. Malaria isiyotajwa aina yake ni B54. Hayo huhifadhika upesi.

Kanuni moja ndiyo iliyonielemea: mwandishi wa alama haongezi neno juu ya maandishi ya tabibu. Nilitwaa cheti cha marehemu baba nijipime nacho. Kilisema “homa”, basi. Sisi tulijua ni malaria, au tulidhani tunajua. Kalamu ilielekea B54, ikasita, ikaelekea tena. Mwishowe niliandika R50.9, homa isiyotajwa sababu.

Mama aliuliza maana yake.

“Homa, mama.”

“Hilo tulikuwa nalo,” akasema, akakikunja cheti akakirudisha sandukuni.